Chupa za Chai kwa Mbuzi wa Pickering

Wadogo zangu,

Nimestaafu. Najua mnacheka. Mtu ambaye mama yake bado anampigia simu kumwuliza kama amevaa soksi mbili hana haki ya kusema amestaafu. Lakini nimebeba maji ya mbuzi kila msimu wa baridi tangu nilipomaliza shule, katika nchi ambayo ukiweka ndoo chini ukapiga chafya, unakuta maji yameshaota ngozi juu. Magoti yangu ni mashahidi. Kwa hiyo nimestaafu, ninyi wawili mnaichukua kazi, na Mama Solange ameniagiza niwaandikie ninayoyajua kabla sijaanza kazi nyingine nikayasahau.

Ameagiza pia niandike kwa Kiswahili. Nilimkumbusha kwamba ninyi mnakisikia vizuri ila mkiulizwa mnajibu kwa Kiingereza. Akanijibu hapohapo, "Mbuzi zangu hazijuwe Kizungu. Wajifunze!" Basi jifunzeni. Mkikwama kwenye neno waulizeni mama zenu. Watafurahi kuulizwa kitu kingine zaidi ya chakula kiko wapi.

Nianze kwa kukiri kwamba sikuwa mtu wa mifugo. Nilizaliwa Kigoma, nikaletwa huku nikiwa mdogo, nikakulia ghorofani Crescent Town, ambako mnyama pekee niliyemfahamu alikuwa njiwa aliyechafua kibaraza chetu. Mama Solange, ambaye ni mtu wa Uvira na ambaye siku za kazi huwatunza wazee majumbani mwao, ndiye aliyeanzisha jambo hili. Familia kadhaa za kwetu, za Crescent Town na Scarborough, zilikodi banda la zamani kwenye shamba la Bi Margareti, kaskazini ya Pickering, zikaweka mbuzi wa maziwa, wa harusi, wa Idi na wa akika. Alitafutwa mtu wa kuwatunza. Mimi sikuwa na kazi, na kanisani ilishajulikana kwamba huwa narudi kuangalia kama nimezima taa. Mama Solange akasema huyo ndiye anayefaa.

Hakujua anachokiomba. Mimi si mtu wa kurudi mara moja. Mimi huzima jiko, nikaliangalia, nikalipiga picha, halafu ndani ya basi nikaitazama ile picha na kujiuliza kama ni ya leo. Kila nilichojua juu ya mbuzi nilikipata kwenye video na vitabu vya kuazima maktaba, na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana tatizo moja: hajui ni wakati gani amejua vya kutosha. Kwa hiyo nilifanya kila kitu kwa kuzidisha. Nilisugua madishi ya maji mpaka nikajiona ndani. Nilipima joto la maji kwa kile kipimo cha kupikia keki. Unyasi mmoja ukianguka kwenye maji, niliutoa. Mama Solange alinitazama siku ya kwanza, akashika kiuno.

"Editha, weye unanywesha mbuzi, ao unafungua hoteli?"

Sasa sikilizeni ya kazi yenyewe.

Mbuzi wakati wa baridi anahitaji maji kuliko mnavyodhani. Anakula majani makavu mchana kutwa, na majani makavu bila maji yanakaa tumboni kama godoro. Theluji haitoshi. Atailamba, lakini atatumia nguvu kuiyeyusha, na nguvu hiyo anaihitaji kwa kupambana na baridi. Mpeni maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, mara baada ya kula, hapo ndipo kiu iko karibu. Anayapenda ya vuguvugu kama sisi tunavyopenda chai. Baridi si kisingizio cha kumpa kidogo.

Tumieni yale madishi meusi ya mpira. Ya plastiki hupasuka. La mpira likiganda, ligeuze juu chini, lipige teke, na barafu itatoka nzima kama keki kwenye sufuria. Siku ukiwa na hasira na mtu, hiyo ndiyo kazi ya kuanza nayo.

Vaeni gambuti za mpira na glovu ndefu za mpira mpaka kiwiko, na za sufu mvae kwa ndani. Glovu ya sufu ikilowa ukashika mpini wa chuma, inabaki pale kwenye mpini. Yangu moja ilikaa kwenye geti mpaka jua lilipokuja, imenyosha vidole kama inasimamisha basi.

Na lile bomba la uani. Hilo lina akili. Ukilifunga, maji yaliyobaki ndani yanashuka yenyewe mpaka chini sana ardhini, ambako baridi haifiki, kwa hiyo haligandi. Lakini yanashuka tu kama bomba linaweza kuvuta hewa. Ukiacha mpira wa kumwagilia umefungwa mdomoni mwake, hayashuki. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilifunga bomba vizuri, nikaliangalia, nikalipiga picha, na mpira nikauacha umefungwa. Asubuhi lilikuwa nguzo. Bi Margareti, mwenye shamba, alitoka na birika la maji ya moto na sigara mdomoni. Alimimina polepole, birika baada ya birika, mpaka bomba lilipokohoa. Kisha akafungua ule mpira, akanivisha shingoni kama shada la maua, akarudi ndani. Tangu siku hiyo, mkitumia mpira, ufungueni, umwageni maji kwa kuuinua mwanzo mpaka mwisho, ukalale ndani. Mpira uliosahaulika nje ni fimbo.

Kuhusu yale mnayoyaona kwenye video: nimeyajaribu yote ili ninyi msijaribu. Ile ya kuelesha chupa zenye maji ya chumvi ili zichezecheze juu na kuzuia barafu, inasaidia siku ya baridi ndogo, siku ambayo hata hukuhitaji msaada. Siku ya baridi kali chupa zinagandia hapohapo. Na mbuzi walizipenda mno. Walizitoa, wakazipiga vichwa banda zima, na Meneja akalala juu ya moja kama anaatamia yai.

Meneja mnamjua. Yule wa kahawia mwenye sikio lililopinda, anayekutazama kama umechelewa kazini. Yeye akikubali kitu, wote wanakubali. Akikataa, msijisumbue. Nawaambia haya kwa sababu ya wiki niliyotaka kuwasimulia tangu mwanzo, wiki ambayo karibu tumpoteze.

Ilianza kabla ya baridi, wakati majani yanaanguka. Familia zilichanga zikanunua hori kubwa la bati lenye hita ndani yake, ili maji yasigande kabisa na mimi nipumzishe mgongo. Nilikisoma kitabu chake chote, pamoja na kurasa za Kifaransa. Mzee Shomari wa Scarborough akaja kusaidia kulifunga. Huyo ni mtu wa Dar es Salaam, aliendesha malori maisha yake yote, na hakuna mahali panapotengenezwa kitu asipopita na koleo lake mfukoni. Mambo yakaenda vizuri mpaka kwenye umeme. Plagi ya hita ilikuwa na pini tatu, na soketi ya lile banda la zamani ina matundu mawili.

"Hii si shida," alisema Mzee Shomari. "Kwetu ilikuwa kinyume chake. Soketi matundu matatu, redio yako pini mbili. Unachomeka kalamu kwenye tundu la juu, linafunguka, unasikiliza taarifa ya habari. Ile ya tatu ni pambo tu, binti."

Na kweli, nyumbani baba alikuwa na kalamu maalumu ya kazi hiyo, haikuandika kitu kingine. Nilikumbuka nikatabasamu. Mzee Shomari akatoa koleo, akaivunja pini ya tatu kama anavyovunja mguu wa kaa, plagi ikaingia. Hori likaanza kupasha joto. Tulipeana mikono kama watu waliofungua daraja.

Mwezi mzima na zaidi mambo yalikuwa mazuri. Maji yalikuwa wazi, mbuzi wanakunywa, mimi nina muda wa kukaa na kuwaza mambo mabaya yanayoweza kutokea. Bi Margareti akafunga nyumba kwenda kukaa kwa binti yake mpaka jua lirudi. Akamwaga maji yote ya nyumba ili mabomba yasipasuke, akazima kila kitu cha ndani, akaniachia bomba la uani na baraka zake.

Kisha ikaja baridi ile ambayo puani vinyweleo vinasimama. Na mbuzi wakaacha kunywa.

Si kwamba maji yaliganda. Yalikuwa yanafuka mvuke, mazuri, ya uvuguvugu, safi. Meneja alikuwa na mimba kubwa wakati huo, tumbo limejaa pande zote mbili. Alikuja kwenye hori, akashusha mdomo, akagusa, akaruka nyuma. Akapiga chafya, akanitazama, akaondoka. Wengine wakaja, wakanusa kwa mbali, wakaondoka. Baadaye niliwakuta wanalamba theluji mlangoni.

Ninyi mnanifahamu sasa. Mnadhani niliwaza nini? Niliwaza ni uchafu. Niliwaza nimeacha sabuni. Nikalimwaga hori lote, nikalisugua kwa brashi, nikalisuuza mpaka mikono ikafa ganzi, nikajaza upya. Meneja akaja, akagusa, akaruka. Nikasugua tena. Nikabadilisha brashi. Nikaweka molasi kidogo, wakasimama mbali wakinusa utamu kwa huzuni. Nikachovya mkono wangu kwenye maji, nimevaa glovu yangu ya mpira na gambuti zangu za mpira, sikuona tatizo lolote. Maji yalikuwa kamili. Mimi ndiye sikuwa kamili, nilijua, ila sikujua ni wapi.

Kesho yake Meneja aliacha majani. Alisimama kwenye kona, kichwa chini, majani mbele yake. Nikampigia simu daktari wa mifugo. Aliniambia kwa sauti ya upole, ile ya watu wanaotaka uelewe vizuri: mbuzi asipokunywa hali, na mwenye mimba asipokula anaanza kuutafuna mwili wake mwenyewe kuwalisha walio tumboni, halafu wote wanakwenda pamoja. Mfanye anywe, alisema. Leo.

Ilikuwa Jumapili. Nilimpigia Mama Solange, nikamkuta yuko kanisani, nyuma yake kwaya inaimba.

"Mama, hawanywi."

"Ulifanya je?"

"Nimelisugua tena."

"Editha." Kwaya ikapanda, akangoja ishuke. "Hori haina mugonjwa. Mbuzi ndiyo mugonjwa. Niko nakuja kisha misa."

Nilikata simu nikalia kidogo. Machozi pia hugandia kwenye kope, hilo kalijueni. Nilikuwa bado najifuta nilipoona gari la Mzee Shomari linaingia. Alikuwa na miadi siku ile, nami nilisahau. Mjukuu wake wa kike alikuwa amezaliwa Scarborough, na yeye alikuja kuchagua mbuzi wa akika.

"Binti, mbona uso kama umefiwa?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku anatazama saa yake.

"Pole sana mwanangu. Tutafikiri. Ila adhuhuri imeingia, na nikirudi garini nitalala kabla sijaswali. Maji ya kutawadha yako wapi?"

Nikamwonyesha bomba la uani. Akalitazama bomba, akanitazama mimi, akaliona hori linavyofuka mvuke.

"Haya ya hapa je? Mbuzi wamekunywa humu?"

"Hawajanywa, Mzee. Hiyo ndiyo shida yenyewe."

"Basi ni masafi kuliko ya kwangu nyumbani."

Akavua glovu. Akakunja mikono ya koti, ya sweta, ya shati, ya fulana, ilichukua muda. Mkono wa kushoto akashika nguzo ya chuma ya geti asiteleze, akasema bismillahi, akauchovya wa kulia.

Aliruka kama Meneja. Ninavyowaambia, kama Meneja kabisa, mpaka kile kichwa cha kurudi nyuma.

"Amenipiga!"

"Nani?"

"Maji!"

Tukatazamana. Akautazama mkono wake, akakunja vidole, akakunjua.

"Maji yako yana ubishi, binti. Kama siafu. Hebu nijaribu tena..."

"Usiguse, Mzee!" Sijawahi kumfokea mtu mzima, na sauti ilitoka ya mama yangu. "Usiguse kitu chochote! Rudi nyuma!"

Maana hapo ndipo nilipoona. Mimi niliyevaa mpira kuanzia vidole vya miguu hadi kiwiko sikusikia kitu. Mbuzi, wenye kwato kwenye sakafu ya saruji iliyolowa na midomo mitupu, walipigwa kila walipojaribu kunywa. Walikuwa na kiu, maji yapo, na kila wakiyagusa yanawauma. Na kila nilipolisugua hori nilikuwa namwaga maji mengi zaidi sakafuni, chini ya miguu yao.

Nilikwenda kwenye swichi kuu ya banda, nikaizima. Ndipo nikachomoa plagi. Nikaishika kwenye mwanga. Pini mbili zinang'aa, na pale pa tatu kisiki.

Mzee Shomari alisogea, akavaa miwani.

"Huu mguu wa tatu," alisema taratibu, "nani aliukata?"

"Wewe, Mzee."

"Mimi?"

"Kwa koleo lako."

Akalipapasa lile koleo mfukoni kama anataka kulificha.

"Kwa hiyo si pambo."

"Si pambo."

"Miaka yote," alisema, "nimesikiliza taarifa ya habari hivihivi." Kisha akaanza kucheka, na mimi, niliyekuwa nalia dakika chache nyuma, nikacheka pia mpaka nikashika geti. Alikwenda kwenye bomba la uani akatawadha kwa maji ya kuzimia roho, na sijawahi kuona udhu wa haraka vile. Akaswali juu ya majani makavu, na mbuzi mmoja mdogo akasimama pembeni yake mpaka alipotoa salamu.

Lakini Meneja alikuwa bado kwenye kona. Tulikuwa tumepata sababu, maji hatukupata. Umeme nimeuzima banda zima, siwezi kuuwasha. Nyumba ya Bi Margareti imefungwa, haina tone. Maji ya bomba yanatoka kama sindano na yanaganda ukiyatazama, na kwenye lile hori mbuzi hawakusogea tena hata lilipokuwa limezimwa, na maji yake mimi mwenyewe sikuyaamini tena. Mafundi wa umeme niliowapigia walikuwa wameitwa kila mahali kwa baridi hiyo. Wa mapema aliahidi keshokutwa. Nikampigia tena Mama Solange, nikamwambia nahitaji maji ya moto, mengi, sasa.

Nyuma yake hakukuwa na kwaya tena, nilisikia vikombe.

"Misa imekwisha," alisema. "Chai iko inagawiwa. Chupa ziko hapa zote." Kisha akaondoa simu mdomoni, na nikamsikia akiuambia ukumbi mzima: "Muache kunywa! Ile chai, muache! Mutie maji ya moto mu chupa, tunapeleka kwa mbuzi!"

Mzee Shomari alikuwa ameshatoa simu yake. "Halima," alimwambia mkewe, "nyumba imejaa wageni wa mtoto, si ndiyo? Waambie kila mmoja achukue chupa ya chai, ajaze maji ya moto, waje Pickering. Ndiyo, maji. Ya mbuzi. Nitakueleza. Hapana, sijaumia. Kidogo tu."

Mnajua kila nyumba ya kwetu ina chupa ya chai. Nyingi zina maua, na nyingi zimeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi ya kucha, kwa sababu chupa ikienda kwenye shughuli bila jina hairudi. Saa ile zilikuja zote. Magari yalijipanga kwenye njia ya Bi Margareti, kina mama wanashuka na vitenge vya Jumapili chini ya makoti makubwa, kina baba na suti, wageni wa Mzee Shomari na mabuibui yao, kila mtu amekumbatia chupa kifuani kama mtoto mchanga.

"Ile ya maua mekundu ni yangu! Mimi niko hapa naiona!"

"Nani ataiba chupa yako, dada, kifuniko chenyewe hakina?"

"Hiyo ya bluu usiimwage yote, nimeweka majani ya chai sikukumbuka!"

Nilipanga yale madishi meusi ya mpira upande wa pili wa banda, mbali na hori, juu ya majani makavu. Tukamimina bomba nusu, chupa nusu. Mvuke ukajaa banda. Nikatoa kipimo changu cha keki, Mama Solange akaninyang'anya, akakitia mfukoni mwa koti lake. Akachovya kidole.

"Iko ya kunyonyesha mutoto. Inatosha."

Unyasi mmoja ukaanguka kwenye dishi. Niliona ukianguka, nikanyoosha mkono. Akanipiga kofi mkononi.

"Wacha!"

Nikaacha. Watu wote wakasogea nyuma, ukutani, wakashika chupa zao. Meneja akainua kichwa. Alitutazama kwa muda, watu wote wale na mavazi yao, kama anahesabu nani hakuja. Akapiga hatua. Akasimama. Akaja mpaka kwenye dishi, akashusha mdomo, nikaona midomo yake inatetemeka karibu na maji bila kugusa. Maisha yake na ya waliokuwemo tumboni yalikuwa kwenye ule upana wa unyasi.

Akagusa. Maji hayakumwuma. Akagusa tena. Kisha akazamisha mdomo.

Hamjawahi kuisikia sauti hiyo mpaka muisikie banda limenyamaza. Mbuzi mwenye kiu hapigi kelele, anavuta tu, taratibu, koo linapanda na kushuka, na haachi. Aliendelea. Mtu mmoja nyuma yangu akasema "Asante Yesu," na mwingine akasema "Alhamdulillahi," sauti moja juu ya nyingine. Wengine wote wakaja mbio wakasukumana kwenye madishi. Mama Solange aliangalia dari.

Halafu Meneja akahamia dishi lile lingine, lile la chupa ya bluu yenye majani ya chai. Akanusa, akanywa, akalimaliza, akaanza kulamba pembeni. Mwenye chupa akasema ni tangawizi, yeye huwa anaweka nyingi.

Zile chupa zilikwenda na kurudi mpaka fundi alipofika. Watu walipangiana zamu kama ya kumwuguza mtu hospitalini. Fundi alikuwa dada wa makamo, Mtamil wa Scarborough, mwenye mkanda mzito wa vifaa kiunoni. Aliikuta hita imepasuka ganda lake ndani, umeme unavujia kwenye maji, na ile pini ya tatu ambayo kazi yake ni kuupeleka umeme uliopotea ardhini usiwafikie watu wala wanyama, tuliivunja wenyewe. Akabadilisha hita, akaweka waya mpya, na soketi inayojikata yenyewe kukitokea hitilafu. Nilimshikia tochi. Nilimwuliza maswali mengi sana, mengine mara mbili. Mwishoni akaniuliza kama siku zote niko hivi, wa kukagua kila kitu. Niliona aibu, nikasema ndiyo. Akasema kwenye kazi yake watu wa namna hiyo hawapatikani kirahisi, na kwamba kuna mafunzo, na mtu analipwa huku anajifunza.

Ndiyo maana nastaafu. Jumatatu naanza kushika waya badala ya ndoo.

Meneja alizaa mapacha, majike wawili, wakati theluji inaanza kulainika. Mmoja tulimwita Tangawizi. Wa pili alipewa jina na Mzee Shomari, Soketi, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Mbuzi wa akika hakumchukua kwetu. Alisema mbuzi waliokunywa chupa ya mkewe sasa ni wageni wake, na mgeni hachinjwi, akaenda kununua kwingine. Koleo lake alilining'iniza kwenye msumari mlangoni mwa banda. Liko pale. Mkiliona, msivunje nalo kitu chenye pini.

Basi fungueni mpira kwenye bomba. Pigeni teke barafu. Jaribuni ile soketi kwa kitufe chake kila wiki, msijaribu maji kwa mkono, hatuna Mzee Shomari wa pili. Na mbuzi akikataa maji, kabla hamjasugua chochote, kaeni chini mumtazame yeye. Mimi nilitazama maji.

Jana nilikwenda kuwaaga. Niliwawekea maji ya jioni, nikasimama na glovu zangu mkononi, na unyasi mmoja ukaanguka ukaelea katikati ya hori. Niliutazama muda mrefu kuliko ninavyotaka mjue. Meneja akaja, akanitazama, akausukuma kando kwa pua yake, akanywa.

Nimeuacha palepale. Msiutoe.